Wimbo Ulioshindwa na Chatu

Kishapu, Jumapili, 15 Juni 1969

Nimewaagiza watoto wa darasa la nne waandike kila siku habari za msimu huu wa pamba, hata mstari mmoja. Melania akanyoosha mkono: "Na wewe mwalimu utaandika?" Nikasema ndiyo kabla sijafikiri. Mdomo uliponza kichwa. Basi naandika.

Tena naandika kwa Kiswahili, kama nilivyowaagiza wao, ila babu yangu sitamwita babu. Hajawahi kuwa babu katika nyumba hii. Ni Guku. Na yeye haniiti mjukuu, ananiita mke wangu, na tangu macho yake yafunikwe na utando mweupe, kila asubuhi huniuliza swali lilelile kutoka kitandani: "Limi limetoka?" Kwetu Wasukuma limi ni jua, na mimi ndilo jina langu, alinipa mwenyewe. Kwa hiyo nami hujibu, "Nimetoka, Guku, nimesimama mlangoni." Hucheka kana kwamba ni mara ya kwanza. Mimi siku hizi sicheki sana, maana anauliza kweli. Hajui kama kumekucha.

Upepo mchana kutwa. Vumbi hadi kwenye ugali.

Jumanne, 17 Juni

Upepo. Pamba. Vidole vimechanika na nimesahihisha madaftari kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi, 21 Juni

Leo wamekuja wageni kutoka Mhunze kumwona "mtabiri". Wameleta kuku. Kuku nimempokea, utabiri umenichosha.

Kisa chenyewe ni hiki. Zamani, mwaka wa nzige, Guku alikuwa manju, yaani mtunzi na mwimbaji kiongozi, wa ngoma ya Wagika. Mavuno yakiisha, vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, hushindana kucheza, kila upande na uwanja wake, ngoma zote zikilia kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi ila miguu ya watazamaji: upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Manju wa Wagalu alikuwa Mihayo. Siku hiyo Guku aliimba mambo yatakayokuja. Atakuja ng'ombe wa chuma, atalima bila kula majani. Watu watashuka chini ya ardhi asubuhi na kutoka jioni wakiwa hai. Mtu atasema neno Mwanza, lisikike Kishapu. Watu wakajaa kwake hadi wakakanyagana. Hapo ndipo alipoongeza ubeti wa nne: macho ya wazee yatatolewa, yataoshwa kama vibuyu vya maziwa, yatarudishwa mahali pake.

Watu wakaona sasa huyu anawafanya wajinga. Na Mihayo, ambaye hakulala, akamtoa chatu kwenye kikapu na kujivika shingoni. Uwanja wa Guku ukabaki mweupe. Alimaliza wimbo akimwimbia mpiga ngoma wake.

Sasa trekta la ushirika limepita hapa. Baba yangu, Masele, alifanya kazi chini ya ardhi kule mgodi wa dhahabu wa Geita hadi ulipofungwa, akarudi na kikohozi na redio. Kwa hiyo watu wamemsahau chatu na kuukumbuka wimbo.

Wageni walipoondoka nikamwuliza, "Guku, kweli ulijuaje?"

"Sikujua kitu, mke wangu. Manju hatabiri, manju anashindana. Mihayo alikuwa na chatu, mimi nilikuwa na mdomo."

"Lakini yamekuja."

"Yamekuja yamechoka. Ng'ombe niliyemwimba hakuwa anakunywa mafuta. Huyu wa ushirika amelala ghalani tangu Aprili anangoja kinywaji. Na mtu wa Mwanza niliyemwimba, ukimwitikia anasikia. Huyu wa kwenye redio anasalimu halafu anakwenda zake. Hana adabu."

Mama alicheka hadi akaacha kumnyonyoa kuku.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Watoto wameimba mbele ya ghala la ushirika, upepo umebeba nusu ya nyimbo.

Baada ya sherehe nesi wa zahanati, Klara, alinivuta pembeni. Mwezi ujao daktari wa macho anakuja hospitali ya Shinyanga. Atakaa siku chache, kisha anahamia mikoa mingine, na haijulikani atarudi lini. Klara alikwisha kuyatazama macho ya Guku kwa tochi alipopita kwetu, akaniambia, "Huyu ni mtoto wa jicho tu, Mwalimu. Anatolewa. Lakini usimcheleweshe, akiiva sana analeta maumivu, na jicho linaweza kupotea kabisa."

Nilirudi nyumbani nikikimbia kama msichana. Nikamweleza Guku: ubeti wako wa nne! Nilidhani atarukaruka. Alijifuta vumbi magotini. Kisha akasema, "Siendi."

Jumanne, 8 Julai

Haendi. Baba amemsihi, Mama amemsihi. "Macho haya yameona ya kutosha." Uongo mtupu. Jana alimwaga chai mapajani akitafuta kikombe, akasema kikombe ndicho kilichomkimbia.

Ijumaa, 11 Julai

Leo amesema sababu. Nilikuwa namnyoa ndevu, na mtu aliyeshikiwa wembe shingoni husema kweli.

"Wimbo ule niliutunga ili watu washangae. Sikuwa na ushahidi wowote. Sasa mnataka nikalale, mtu anikate jicho kwa kufuata mzaha wangu mwenyewe? Nani aliwahi kukatwa na mzaha wake?"

Nikamwambia daktari hafuati wimbo, anafuata elimu. Akasema elimu haijui kucheka, na ndiyo maana anaiogopa. Nilikasirika nikaacha nusu ya kidevu bila kunyoa. Mwisho nikarudi kumalizia.

Alhamisi, 17 Julai

Redio inasema Wamarekani wako njiani kwenda mwezini. Upepo umetulia kidogo.

Jumatatu, 21 Julai

Sijui nianze wapi.

Asubuhi, kabla ya kengele, mwalimu mkuu aliweka redio dirishani na shule nzima ikakaa chini kwenye vumbi. Sauti ilikuja na kuondoka kama mtu anayeongea huku anakunywa maji. Wamefika. Watu wawili wameshuka juu ya mwezi, wametembea, wameokota mawe. Mawe! Melania akaniuliza, "Mwalimu, wamevaa viatu?" Nikajibu ndiyo, nadhani. Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe niliinua macho juu, nikatazama anga tupu la asubuhi, na nikahisi miguu yangu haijakanyaga vizuri. Nimewafundisha watoto hawa kwamba mwezi ni mbali. Nimeandika ubaoni jinsi ulivyo mbali. Sikuwahi kuamini kwamba mbali ni mahali mtu anaweza kufika.

Nilipofika nyumbani Guku alikuwa amekaa nje, uso kaelekeza juu. Baba alikuwa amemwambia. Hakunitania, hakuniita mke wangu. Akauliza tu, "Umeshaonekana?"

"Upo, Guku. Uko juu ya paa la Mama Tereza."

"Ukoje?"

"Nusu."

"Na wao wako kwenye nusu ipi? Hii inayong'aa au ile isiyoonekana?"

Mwalimu mzima, nikasema sijui. Mama akaacha kutwanga, akaja naye akakaa. Hata jirani yetu Mama Tereza, ambaye kila siku ana neno, alisimama kwenye ua wake akitazama juu ya paa lake kana kwamba kuna mgeni amepanda.

Baadaye sana Guku akasema polepole: "Mwaka ule wa nzige nilitafuta uongo mkubwa kuliko uongo wote. Nilizunguka nao malishoni mwezi mzima. Na mwezi wenyewe nilikuwa nautazama kila jioni. Haukunijia, Limi. Nilithubutu macho, sikuthubutu mwezi. Kumbe uongo wangu ulikuwa mdogo."

Nimekuwa nikimwonea aibu mzee huyu na wimbo wake mbele ya walimu wenzangu. Leo nimeona kwamba alifika mbali alivyoweza kwa miguu aliyokuwa nayo, na alijua alikoishia. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi.

Jumanne, 22 Julai

"Limi limetoka?" "Nimetoka, Guku." Nikasema, basi sasa utakwenda hospitali. Akasema, "Mwezini walikwenda vijana. Mimi siendi."

Jumatano, 30 Julai

Upepo umerudi. Macho yake yamevimba, jicho la kulia linatoa machozi tu. Haniambii kama linauma. Pamba ya mwisho imechumwa.

Jumanne, 5 Agosti

Mgeni wa ajabu. Alikuja na mkewe, amemshika bega, fimbo inagonga mbele. Mama akawasalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, karibuni." Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akapaza sauti kuelekea ndani, akimwita Guku kwa jina lake: "Mageni! Chatu amekufa!"

Guku akaruka kutoka kitini. "Pole. Na wewe je?"

"Mimi niko njiani."

Ni Mihayo. Sikuwahi kumwona, nilimjua kwa masimango tu. Ni kipofu kabisa, macho yote mawili. Nikawawekea viti mbali kidogo, nikidhani wataanza kutukanana. Walianza, lakini kwa raha, kama watu waliotunziana matusi kwa miaka yote hiyo.

Kisha Mihayo akasema: "Nimesikia kuna daktari, na wewe umekataa."

"Wimbo ule nilikuwa nashindana tu."

"Najua. Hata chatu wangu alikuwa ameshiba mbuzi, asingeweza kumuuma hata panya. Sikiliza, Mageni. Macho ya babu yangu yalizimika. Macho ya baba yangu yalizimika. Siku ile watu walipokimbilia kwangu, mimi nilikuwa nimebeba lile joka shingoni na masikio yangu yote yako kwako. Nikasema moyoni, hilo la macho likiwa kweli, nitalihitaji. Nimelingoja tangu siku hiyo. Watu wote walihama isipokuwa mimi niliyewahamisha."

Guku akasogeza kiti chake karibu naye. Miaka yote hii alidhani alimwimbia mpiga ngoma peke yake.

"Sasa limekuja," Mihayo akasema, "na mwenye wimbo anajificha nyuma ya kabati. Vaa viatu."

"Lori linaondoka lini?" Guku akaniuliza.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya ghala, kwa furaha.

Jumatatu, 11 Agosti. Shinyanga

Mwalimu mkuu ameniruhusu. Tumekuja na lori la pamba linalokwenda kiwandani, wazee wawili wamelala juu ya pamba kama watemi, wakibishana njia nzima nani alikuwa na mpiga ngoma bora. Wote tumefika weupe, nyuzi hadi kwenye nyusi.

Jumanne, 12 Agosti

Ninaandika nimekaa kwenye benchi la wodi.

Daktari amewapima wote wawili kwa taa ndogo. Kwa Guku alisema kama Klara: mtoto wa jicho, atamtoa, jicho la kulia kesho. Kwa Mihayo aliwasha taa, akazima, akawasha. "Mzee, unaona mwanga?" "Washa kwanza." Ilikuwa inawaka. Daktari akaiweka karibu zaidi, jicho la kulia, jicho la kushoto, akarudia tena taratibu. Kisha akavuta kiti akakaa mbele yake, magoti kwa magoti, akamweleza vizuri. Kwake si utando. Ni presha ya jicho, imeua mshipa wa nyuma unaopeleka picha kichwani. Ni ugonjwa wa kurithi. Mshipa ule ukishakufa hakuna dawa, hapa wala Ulaya.

"Wamefika mwezini," Mihayo akasema.

"Ndiyo, mzee. Lakini huko nyuma ya jicho bado hatujafika."

Sikujua kwamba kuna mahali mbali kuliko mwezi.

Guku akainuka kitandani, akaanza kupapasa akitafuta kanzu yake. "Turudi. Kama yeye hawezi, nami sitaki. Yeye ndiye aliyengoja."

Mihayo akainua fimbo akamgonga mguu, sawasawa kabisa, kama anaona. "Lala hapo! Mmoja wetu lazima ajue kama ule wimbo ulikuwa kweli. Nimebeba wimbo wako maisha yangu yote, halafu nirudi nyumbani bila jibu?"

Guku akalala.

Jumatano, 13 Agosti

Amekatwa. Anapumua. Kafungwa bandeji usoni, mifuko ya mchanga imewekwa pande zote za kichwa asigeuke. Hatakiwi kukohoa, kuinama wala kucheka. Kucheka! Na Mihayo amekaa kando yake.

Ijumaa, 15 Agosti

Muuguzi wa wodi, Generoza, amemfukuza Mihayo mara mbili kwa kumchekesha mgonjwa. Anarudi kwa kupapasa ukuta. Anasema kwake mchana na usiku ni kitu kimoja, basi saa za kutembelea wagonjwa haziwahusu watu kama yeye.

Jumapili, 17 Agosti

Sasa ni siku kadhaa Guku hajaniuliza kama limi limetoka. Nimemwuliza kwa nini. "Naogopa nikiuliza hapa, nitauliza daima," alisema.

Jumamosi, 23 Agosti

Leo wamefungua.

Generoza alifunga mapazia nusu. Daktari akaviringisha bandeji polepole, akapangusa jicho kwa pamba, na nikafikiri, labda ni pamba ya kwetu Kishapu. Guku alifumba jicho kwa nguvu. "Fungua, mzee." Hakufungua. "Mageni," Mihayo akasema, "watu wanangoja." Akafungua.

Alisema aliona mwanga, na rangi, lakini vitu vimelowa. Daktari akafungua sanduku la miwani, akampa moja nzito, kioo chake kama kitako cha chupa. Guku akaivaa. Jicho lake likawa kubwa nyuma ya kioo kama la ng'ombe. Akanitazama. Nilikuwa nimesimama mbele yake. Alipoacha kuona nilikuwa bado nasoma chuo cha ualimu, mwembamba kama fito.

"Limi limetoka," alisema. Safari hii hakuuliza.

Kisha: "Lakini mke wangu, mbona umenenepa hivi?" Daktari akaeleza kwamba miwani ile hukuza vitu. Nimeichukua sababu hiyo kwa mikono miwili.

Mihayo akasogea akipapasa kitanda. "Mageni. Unaniona?"

"Nakuona."

"Nikoje?"

"Umezeeka vibaya sana."

Mihayo akacheka, akacheka hadi machozi yakamtoka kwenye macho yale yasiyoona. "Basi ni kweli," alisema. "Wimbo ni kweli. Walilitoa wakaliosha?"

"Hawakuling'oa jicho. Walitoa kitu kidogo ndani yake, Generoza amenionyesha kwenye chupa, ni kama punje ya mahindi. Mimi niliimba kung'oa. Wao wamefika bila kung'oa." Akavua miwani, akaivaa tena, akatazama dirisha, akatazama viganja vyake. "Wamenizidi, Mihayo. Hata kudanganya wamenizidi."

Nimeona radi, nimeona trekta, nimeisikia redio ikisema watu wako mwezini. Sijawahi kuona kitu kama babu yangu akivitazama viganja vyake.

Jumatatu, 1 Septemba

Nyumbani. Guku amezunguka kijiji kizima akigusa vitu alivyokwisha kuviona. Amelitazama trekta, kasema alimwimba ng'ombe mzuri zaidi.

Alhamisi, 4 Septemba

Kila alfajiri anamwongoza Mihayo, aliyefikia kwa jirani, hadi kwetu, na kumweleza mwezi ulivyo. Leo nimewasikia: "Uko nyuma ya paa." "Wapo?" "Walishaondoka." "Tazama vizuri." Akatazama vizuri.

Jumapili, 14 Septemba

Ngoma ya mwisho ya msimu. Upepo kidogo, mawingu ya kwanza upande wa ziwa.

Wagalu mwaka huu hawakuja na chatu. Wamekuja na kipaza sauti kimefungwa kwenye betri ya gari, na manju wao kijana anasikika hadi mnadani. Watu walijaa kwake tangu mchana. Vijana wa Wagika wakaona wameshindwa, ndipo wakamfuata Guku: "Mzee, tuimbie."

Akaingia uwanjani na miwani yake. Na Mihayo, Mgalu tangu kuzaliwa, akapita katikati ya watu wake, akavuka kwa fimbo, akaja kukaa chini upande wa Wagika. Kipaza sauti kikanyamaza. Nadhani kijana alisahau kuimba.

Guku aliimba ule wimbo wa zamani, sauti ya mzee, watu wakaanza kuvuka ili wasikie. Ng'ombe wa chuma. Chini ya ardhi. Neno la Mwanza. Macho ya wazee. Walishangilia kila ubeti, maana sasa ni rahisi kushangilia. Halafu akanyoosha mkono mpiga ngoma asimame, na nikajua anaongeza ubeti. Najua kilichompata mara ya mwisho alipoongeza ubeti.

Aliimba kwamba watafika. Waliofika mwezini watafika na huko nyuma ya jicho, kwenye mshipa uliokufa. Watauamsha kama mtu anavyoamsha moto uliofunikwa na majivu. Mtoto atazaliwa katika nyumba ya Mihayo, macho yake yatazimika kama ya baba zake, naye atalala kitandani Shinyanga, na mtu atamwuliza, unaona mwanga? Naye atasema, naona, zima sasa, unaniumiza.

Daktari alisema haiwezekani. Mimi nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Hakuna trekta wala redio ya kuunga mkono ubeti ule, ni mdomo wa mzee tu. Uwanja ukawa kimya hadi nikasikia shanga zake za shingoni zikigongana alipoinamisha kichwa.

Mihayo akanivuta gauni.

"Limi. Wamehama?"

Niligeuka nikatazama, upande wetu, upande wa kipaza sauti, hadi kule barabarani.

"Hakuna aliyehama, mzee."

Mkono wake bado umeshika gauni langu.

"Basi mwambie arudie," alisema.